Asilimia Moja na Nusu

Kaka yangu Gethin alipiga simu kutoka Perth,
kwake usiku, kwangu asubuhi ya mvua,
akasema: Siku hizi nani anampa dalali asilimia?
Lipa mara moja, mtandaoni, pauni mia tisa,
iuzike isiuzike.
Hilo la mwisho alilisema haraka haraka
kama mtu anayeruka dimbwi.

Nikaenda kwa Dilwyn Probert hata hivyo.
Ofisi yake imebanana na duka la mikate,
hati za nyumba zinanukia hamira.
Yeye hataki kitu mpaka funguo zibadili mikono,
kisha anataka moja na nusu katika kila mia.
Hakufungua faili. Alifumba macho,
akaizuru nyumba yetu akiwa kitini:
ngazi ya tatu inayolia,
bafu lililoongezwa mwaka ule wa mgomo,
unyevu wa jikoni, "ambao mama yako
aliuficha kwa kalenda, Mungu amrehemu."
Miaka mitatu kalenda ile ile, mwezi wa Mei.

Anajua. Hilo ndilo lililonivuta
na hilo ndilo lililonitoa mlangoni.
Maana anajua pia usiku ule baba alipoondoka
na sahani ngapi zilivunjika,
na kabla jioni haijaisha, kwenye baa ya chini ya reli,
bei yetu ingekuwa imeshanyweshwa bia mbili.

Mtandao haujui kitu. Una adabu ya mgeni.
Uliniuliza vyumba vingapi. Ukaniambia
nieleze nyumba kwa herufi mia tano,
na nafasi zinahesabiwa.
Niliandika "tulivu", nikafuta,
kwa sababu ya zile sahani.
Picha ya kwanza, ukashauri, iwe ya mlango wa mbele.
Nyumba njema si mlango,
lakini nikaupaka buluu, nikaupiga picha
kabla haujakauka; mvua ikauchora michirizi.

Pauni mia tisa zikatoka kwa kidole kimoja.
Ambacho hakuna aliyenieleza,
si Gethin, si yale maandishi madogo,
ni kwamba funguo zingebaki kwangu.
Hakuna Dilwyn wa kutangulia akisema karibuni.
Jumamosi ningefungua mwenyewe,
nisimame kwenye zulia la mama
nikiuza.

Wa kwanza alikuja na kipimo cha unyevu.
Akaisogeza kalenda kwa ncha ya kalamu. Hakurudi.
Wa pili walitaka gereji.
Wa tatu, binti mjamzito aitwaye Tegwen na mumewe mkimya;
alikaa bila kukaribishwa kwenye kiti cha dirishani, jikoni,
akauliza: Hivi jua linafika hapa?

Swali hilo halikuwa na kisanduku chake.
Dilwyn angesema linafika, tena tele; ndiyo kazi yake.
Nikasema: Saa nne. Dakika arobaini,
Februari ishirini tu. Kisha ule mlima wa makapi ya mawe
unalimeza. Mama alikuwa anaacha vyombo,
anakaa hapo ulipokaa, mikono ina povu,
halafu anainuka kabla halijaondoka,
asije akaachwa yeye.

Sikuwahi kumwambia mtu hilo.
Sikujua kama ninalijua.

Ilikuwa saa tano kasorobo; ukuta ulishapoa.
Binti aliweka kiganja pale, akakiacha.

Wametoa elfu nne pungufu ya bei.
Gethin anasema ngoja.
Mtandao umenitumia pongezi, jina langu limekosewa.
Leo nimekutana na Dilwyn dukani,
ameinama anachagua mkate wa zabibu.
"Ningekushauri buluu nyingine," akasema,
akanilipia na wangu.